Tulipomgombea Mwenye Joho

Zuhura alikuja kwangu Mombasa mwaka jana, baada ya miaka thelathini na kitu ya Ulaya, na jambo la kwanza alilolifanya ndani ya nyumba yangu lilikuwa kuzima televisheni. Wajukuu wangu wawili, pamoja na mjukuu wake aliyefuatana naye, walikuwa wamekaa zuliani wakitazama sinema ya mmoja wa wale watu wanaoruka angani na vazi linapepea mgongoni, na huku wanabishana, maana watoto wa siku hizi hutazama na kubishana kwa pamoja. Mjukuu wangu mkubwa alikuwa akisema sinema hizi zimeharibika tangu zilipotiwa vichekesho. Mtu anayeokoa dunia hawezi kutupa maneno ya mzaha huku majumba yanaanguka. Yule wa Zuhura akamjibu, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, kwamba hizo za kununa ndizo zinazomchosha, kila mtu gizani, kila mtu ana kilio chake. Mimi nilikuwa jikoni nikikaanga samaki, nikacheka peke yangu mpaka mafuta yakanirukia, kwa sababu ugomvi huo niliujua neno kwa neno. Mimi na Zuhura tuligombana vivyo hivyo tukiwa wasichana Kismayo, mimi upande wa kununa na yeye upande wa kucheka. Nikatega sikio nimsikie akimtetea mjukuu wake. Nilichosikia ni televisheni kunyamaza, na sauti ya Zuhura, kavu, kwa Kibajuni chetu: "Kuokoa wachu si mchezo. Wanaofanya mchezo hufa." Niliepua samaki hata hajaiva vizuri.

Huyo hakuwa Zuhura niliyemjua. Zuhura wangu alikuwa akicheka hata matangani, mpaka akina mama wakambana katikati ya wawili wenye adabu ili asituaibishe. Huyu aliyekaa sebuleni kwangu alikula kimya, akamkanya mjukuu wake kwa kuwa aliiga sauti ya paka mezani, akauliza kibla kiko upande gani, akasali na kulala. Nilibaki nikiosha vyombo na kumtafuta yule wa zamani, na kila nilipomtafuta nilimkuta katika chumba kimoja, mwaka mmoja, ule ambao serikali ilianguka huko Mogadishu na Kismayo yetu ikawa mji wa yeyote mwenye bunduki.

Chumba chenyewe kilikuwa ghala la Shangazi la kuwekea papa mkavu, na harufu ya papa haikutoka ijapokuwa tulifukiza udi siku tatu. Kassim, mtoto wa ami yangu, tuliyelelewa naye kwa Shangazi kama kaka na dada, alikuwa amerudi kutoka Mombasa na televisheni, mashine ya video, kanda nne na jenereta iliyokuwa ikikohoa uani. Siku nyingine zote za wiki zilikuwa za wanaume. Alhamisi baada ya alasiri ilikuwa yetu wanawake. Dirisha likazibwa kwa leso, viatu vikarundikana mlangoni, mikeka ikatandikwa, na Shangazi akapitisha mkate wa mofa wa moto na chai ya maziwa iliyojaa iliki. Kanda tatu zilikuwa za Kihindi, za kulia na kuimba, na hizo hazikumgombanisha mtu. Ya nne ilikuwa ya Kizungu, na ndiyo iliyotutia wazimu. Mlikuwa na mtu aliyejifunika uso, amevaa vazi refu la kupepea, anaruka juu ya maghorofa akiwaokoa watu. Jina lake la Kizungu halikutushughulisha. Sisi vazi lile tunalijua, ni joho, huvaliwa na bwana arusi, basi tukamwita Mwenye Joho. Siku ya kwanza alipotokea, bibi mmoja aliyekaa nyuma aliuliza mbona bwana arusi mbio hivyo, bibi arusi kamkataa? Tukavunjika mbavu.

Kiingereza alikijua Kassim peke yake. Alikaa juu ya sanduku kando ya televisheni, na kila mtu wa kwenye kanda alipofungua kinywa, Kassim alimsemea kwa Kibajuni. Kwa hivyo Mwenye Joho tuliyemjua sisi alikuwa na sauti ya Kassim, na hasira za Kassim, na mzaha wa Kassim. Na Kassim hakutafsiri mara mbili namna moja. Alhamisi moja Mwenye Joho alisema kama khatibu juu ya mimbari, maneno machache, mazito, mpaka akina mama wakajifuta machozi kwa ncha za leso. Alhamisi ya pili, kanda ileile, picha zilezile, Mwenye Joho alimshika mwizi shingoni na kumuuliza kama ameshakula, maana kule anakompeleka hakuna mofa. Ndipo tulipogawanyika. Waliotaka Mwenye Joho wa mimbari walikaa mkeka wa kulia, waliotaka wa mzaha walikaa wa kushoto, na kabla ya kanda kutiwa kila upande ulimpigia Kassim kelele amsemeshe upendavyo. Ugomvi haukuishia pale. Tuliuendeleza kisimani, tukisukana nywele, tukikanda unga. Mimi nilikuwa kinara wa mkeka wa kulia. Nilisema mtu aliyeuliwa wazazi wake, kama alivyouliwa yule, hana cha kuchekea, na kwamba mwokozi anayecheka hajui uzito wa anachokiokoa. Zuhura alinijibu jibu ambalo sikulipatia dawa mpaka leo. "Mchu anayeweza kuruka angani akanuna," alisema, "anamnunia nani?" Naye alikuwa na sababu yake ya kupenda mzaha wa Kassim, kwa kuwa posa ya Kassim ilikuwa imeshapokelewa kwao na harusi ilingojwa baada ya Ramadhani.

Harusi haikuwa. Watu wenye bunduki waliingia mjini, wakatolewa na wengine wenye bunduki, nao wakatolewa na wale wa kwanza, na kila walioingia waliona Wabajuni ni ghala lisilo na kufuli. Hatukuwa na kabila la kutulipizia. Walichukua mashine za mashua, wakachukua mapambo masikioni mwa wanawake, ami yangu, baba yake Kassim, akapigwa kitako cha bunduki akitoka msikitini na hakutembea sawa tena. Jenereta ya Kassim iliondoka siku moja na televisheni siku iliyofuata. Alhamisi ikafika. Sisi wajinga tukaja vilevile, tukavua viatu mlangoni, tukakaa kila mtu mkeka wake tukiutazama ukuta mtupu. Kassim akaja akakalia sanduku lake. Akautazama ukuta, akaanza: huyu hapa anatoka, anapanda, anaruka. Alitusimulia kanda nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila ya picha wala umeme, na nje bunduki zinalia upande wa bandarini. Siku ile alimfanya Mwenye Joho wa mzaha. Mkeka wa kushoto ulicheka mpaka Shangazi akaja kutunyamazisha, akihofu tutasikika barabarani. Mimi sikucheka. Nilikasirika sana. Nilikuwa nimetoka kumkanda ami miguu, na mle chumbani watu wanajishika mbavu.

Barabara ya kisimani ilifungwa kwa kamba baina ya mapipa mawili, na hapo walikaa vijana wenye bunduki. Wanawake hawakuweza kupita peke yao. Kassim ndiye aliyetupitisha kila asubuhi. Alikwenda mbele na ndoo kichwani, akiwasemesha kwa Kisomali, akiwatania wale vijana juu ya viatu vyao, juu ya ndevu zisizoota, juu ya bunduki iliyompita mmoja wao kwa urefu. Walicheka. Mmoja hasa, mwembamba, mwenye jino lililovunjika, alikuwa akianza kucheka tangu anatuona mbali. Wakishacheka wakainua kamba, nasi tukapita, tukarudi na maji. Hivyo kwa wiki nyingi, na katika wiki zote hizo hakuna msichana wa mtaa wetu aliyeguswa pale. Hilo nalijua sasa. Wakati ule nililoliona mimi ni kaka yangu anawafurahisha waliomlemaza baba yake. Asubuhi moja mmoja wao alimpiga kofia ikaanguka mchangani. Kassim akaiokota, akaivaa mbele nyuma, akatembea kama mzee mlevi hatua kumi, na kamba ikainuliwa huku wanashikana mabega kwa kicheko. Nilibeba maji yangu mpaka nyumbani bila ya kumtazama.

Mchana tulikula mofa na mchuzi wa papa, mimi, yeye na Shangazi, kwenye sinia moja. Nilimngoja Shangazi anyanyuke kufuata maji ya kunawa. Kisha nikamwambia Kassim kwamba sijui ni mwanamume wa namna gani anayewachezea ngoma watu waliompiga baba yake, na kwamba hata yule wa kwenye kanda, ambaye si mtu wa kweli, ana haya kumshinda. Hakukasirika. Alimega mkate akaniambia taratibu, "Wakicheka, kidole hakiko kwenye bunduki." Nami, Mungu anisamehe, ulimi wangu siku zote umekuwa mwepesi kuliko akili, nikamjibu: "Basi heri bunduki." Kassim aliuweka ule mkate siniani. Shangazi akarudi na birika, tukanawa. Kuanzia siku ile hadi tulipoondoka, kama siku nane au tisa, hakutania tena pale kwenye kamba. Alisalimu, akasimama, akangoja. Walitupitisha bado, lakini kwa kuchelewa, wakitutazama sana. Nami, ndiyo aibu yangu, nilijivuna. Nilijiona nimemtengeneza.

Mtaa ukaamua kuondoka, isipokuwa ami, aliyesema miguu yake haimfikishi popote. Mashua moja ilikuwa imefichwa mbali na bandari, ikawachukua watu kwa mafungu mpaka kisiwa cha Kudha, ili kutoka huko washuke Kenya. Zuhura na mama yake walikwenda fungu la kwanza. Sisi tulikuwa fungu la pili, asubuhi, jua limeshapanda: Shangazi, mimi, Kassim na mafurushi mawili ya nguo, na nyuma yetu wanaume wa mtaa na wake zao. Kufika kwenye kamba tukamkuta yule kijana wa jino lililovunjika, na pembeni yake mtu mzima tusiyemjua, aliyevaa miwani. Yule mtu alitutazama mmoja mmoja. Akasema wazee wapite, wanaume wapite, na mimi nibaki nikawapikie. Akanishika mkono juu ya kiwiko. Nilimwona yule kijana akimtazama Kassim na kutabasamu, anangoja. Alikuwa anangoja mzaha, ili aweze kucheka, ili mambo yaishe kama yalivyozoea kuisha. Kassim alinitazama mara moja tu. Kisha akaweka furushi chini, akajinyoosha, na nikamwona akimeza mate. Alisema kwa Kisomali kwamba mimi ni dada yake, nakwenda naye, na kwamba mtu yule amwogope Mungu. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Yule mtu akamwuliza amesemaje. Kassim akarudia, vilevile, bila ya kuongeza neno. Akapigwa risasi ya kifua.

Yaliyofuata nayakumbuka vipandevipande. Yule kijana alipiga kelele, akajitia kati akimsukuma mwenye miwani, wakawa wanagombana wao kwa wao, na Shangazi akanivuta tukapita kamba, kwa nguvu ambazo sijui kizee kama yule alizipata wapi. Wanaume wa mtaa walimbeba Kassim. Walitusukuma sisi mashuani nao wakarudi kumzika, na Kudha walipotufikia baada ya siku mbili walitwambia amezikwa vizuri, kabla ya adhuhuri, kando ya msikiti. Nimekaa miaka nikilipima jambo lile. Labda angetania ningebaki mikononi mwa yule mtu. Labda angetania tungepita wote watatu. Yule mgeni hakuwa mtu wa kucheka, lakini yule kijana alikuwa ameshafungua kinywa. Sijui, na hakuna wa kuniambia. Najua tu kwamba Kassim aliacha silaha yake nyumbani kwa sababu mimi niliitukana.

Zuhura alikuwa ameshatoka Kudha; tulimkuta kambini, Kenya, katika mahema yaliyopangwa juu ya mchanga mweupe, amesimama kwenye foleni ya unga. Alikuwa ameshasikia kwamba Kassim ameuawa, hakusikia vipi. Aliacha foleni akaja kunishika mabega, akaniuliza, na mimi nilimtazama uso ule nikaona siwezi. Nikamwambia aliwachekesha mpaka mwisho. Nikamwambia alikufa kama alivyoishi, na neno la mzaha kinywani. Shangazi alikuwa amekaa juu ya furushi hapo hapo. Alinitazama, akainamisha kichwa, na hakuligusa jambo lile mpaka Mungu alipomchukua. Zuhura hakulia mbele yangu. Alisema, "Mpaka mwisho?" nikasema ndiyo, mpaka mwisho, na akarudi kwenye foleni akakuta nafasi yake imeshachukuliwa. Baada ya miezi walipelekwa Ulaya. Tuliandikiana, baadaye tukapigiana simu za sikukuu, na jina la Kassim halikutajwa. Mimi nilidhani hamtaji kwa kuwa anamlilia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinichukua nusu ya umri.

Basi siku ya pili ya kuja kwake, alasiri, watoto wamekwenda pwani, niliketi naye barazani na chai. Nilitaka kumchokoza kidogo, turudi kule kwetu. Nikamwuliza tangu lini Zuhura wa mkeka wa kushoto amehamia kwa wanunaji. Hakutabasamu. Alikizungusha kikombe kwenye kisahani. "Tangu uliponiambia Kassim alikufa akitania," alisema.

Kisha akazungumza, na sikumkatiza. Alisema yeye ndiye aliyemshabikia Kassim na mzaha wake, ndiye aliyempigia makofi, na kumbe mtu ametiwa bunduki kifuani, ana mchumba anayemngoja kisiwani, na hata hapo hakuweza kusema neno moja la kweli. Alichezea roho yake na roho ya Zuhura mwenyewe ili wahuni wacheke. Alisema hakumsamehe. Watoto wake aliwalea bila ya mzaha, mume aliyemwoa alimchagua kwa kuwa hacheki, na kila mwaka wanaposoma hitima ya marehemu wao na kutaja majina, akifika kwa Kassim huliruka. Hayo aliyasema bila ya kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. 

Ningeweza kunyamaza. Yeye ni mzee na mimi ni mzee, na ndege yake ilikuwa baada ya wiki mbili. Lakini nilikuwa nimemwua mtu yule mara moja kwa maneno, na hapa naambiwa nimemwua mara ya pili. Nikamweleza. Nilianza kwenye sinia la mofa, na "heri bunduki" nikaitamka kama nilivyoitamka siku ile. Nikaja kwenye kamba, mwenye miwani, mkono wangu, furushi lililowekwa chini. Nikamwambia maneno aliyoyasema Kassim, kwa Kisomali chake, yote, nayo si mengi. Nikamwambia hakukuwa na mzaha hata chembe. Nikamwambia kwamba uongo ule niliutunga pale pale kwenye foleni ya unga, kwa kumhurumia yeye na kwa kujificha mimi, na kwamba sijui lipi lilikuwa kubwa.

Zuhura alikuwa ametazama mbele muda wote. Nilimaliza. Muadhini wa msikiti wa jirani alikuwa akijaribu kipaza sauti, akipuliza tu.

"Aliogopa?" aliuliza.

Nikasema aliogopa sana. Sauti ilimtetemeka, mara ya kwanza na ya pili.

Akaificha sura yake kwa mtandio, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilisogea nimshike. Akaninyooshea kiganja nisimkaribie, uso wake bado umefunikwa.

"Wewe nitakukasirikia kesho," alisema. "Leo niwache na yeye."

Nikachukua vikombe nikaingia ndani, nikawazuia watoto walipotoka pwani wasiende barazani. Kesho yake alinikasirikia kweli, tangu baada ya chai ya asubuhi hadi adhuhuri, na mimi nikakaa mbele yake nikamsikiliza mpaka akamaliza.